Kuosha Moteri ya Gari, na Maji Yake Yaende Wapi



Juma hili tunatoka jikoni, tunafungua kapo ya gari. Wengine watasema hiyo ni kazi ya mafundi. Lakini tuhesabu katika chama chetu: nani ana taksi inayomletea makuta kila jioni? Nani anapeleka mihogo na makala sokoni kwa gari la kaka yake? Nani ana mume dereva kwenye njia ya Likasi? Gari likilala garaji juma nzima, karo ya watoto inalala pamoja nalo. Tena kila Jumamosi tunaona magari yamefunguliwa kapo uani, vijana wanamwaga esanse juu ya moteri, watoto wanazunguka, maji meusi yanateremka kwa jirani. Mambo ya uani ni mambo yetu.

Kwa nini tuoshe

Mafuta yanayovuja kidogo kidogo yanakamata vumbi, na vyote viwili vinakuwa tope gumu kama uji uliounguzwa chini ya sufuria. Tope hilo linafunika chuma na kuzuia joto lisitoke, hasa kwenye giaboksi, ile mafundi wetu wanaita bwate ya vitesi, maana kwa gari nyingi inapozwa na upepo wa njiani. Linaharibu mipira na nyaya. Likikaa karibu na bomba la moshi, linaweza kushika moto. Zaidi ya yote, linaficha mahali mafuta yanapotokea. Fundi akikuta kila kitu ni cheusi, anabaki kukisia: leo anabadilisha mpira huu, kesho ule, na wewe unalipa kila mara. Kwenye moteri safi, tone moja linaonekana asubuhi.

Vumbi la kwetu

Vumbi la Kolwezi lina madini ndani yake. Malori ya shaba na kobalti yanapita karibu na nyumba zetu, na wakati wa kipwa tunalifuta vumbi lake mezani asubuhi na jioni. Huko Kasulo, ambako kuanzia mwaka 2014 watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vya nyumba zao, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakaaji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa eneo la karibu lisilochimbwa, na watoto ndio waliokuwa na nyingi zaidi. Vumbi lililokusanywa ndani ya nyumba nalo lilikuwa na madini mengi.

Kwa hiyo tope la chini ya gari linalozunguka katika mji huu tulihesabu kama uchafu wa mgodi. Lisipulizwe kwa pampu ya upepo, lisifagiwe likiwa kavu, wala lisimwagwe mahali watoto wanapochezea.

Esanse hapana

Esanse inaondoa mafuta haraka, ndiyo sababu vijana wanaipenda. Lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unashuka chini, unatambaa bila kuonekana, na unaweza kufika kwenye mbabula iliyo mbali na gari. Cheche moja ya batri pia inatosha. Tena esanse inakausha ngozi, inapita kwenye ngozi, na mvuke wake unaumiza kichwa na kifua. Mama mwenye mimba na mtoto wasikaribie kabisa.

Mazuti haishiki moto upesi kama esanse, lakini inaharibu mipira ya maji, mikanda na mipira inayobeba moteri. Usiokoe saa moja ya kazi halafu ununue mipira mipya.

Kwa wale wanaopika sabuni nyumbani: sabuni iliyokomaa ni nzuri kwa kazi hii, lakini soda kostiki yenyewe msiiguse. Inakula aluminiamu, na ganda la bwate kwa gari nyingi ni aluminiamu. Sabuni ya unga au ya vyombo katika maji ya vuguvugu inatosha kwa uchafu wa kawaida. Uchafu ukiwa mzito, nunueni dawa ya kuondoa mafuta ya moteri, ile inayochanganywa na maji, na mfuate maandishi ya kwenye chupa. Vaeni glavu za mpira.

Kazi yenyewe

Wekeni gari mahali tambarare, mbali na kisima, mbali na moto. Vuteni breki ya mkono na wekeni mawe kwenye magurudumu. Ngojeni moteri ipoe mpaka mkono uweze kukaa juu yake bila kuungua. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua.

Kisha ondoeni waya wa batri, ule wa alama ya kutoa. Funikeni kwa mifuko ya plastiki na kufunga kwa mpira: alternatere, mdomo wa kuvutia hewa, sanduku la fyuzi, na sanduku la kompyuta ya gari kama liko hapo. Angalieni kifuniko cha mafuta kimekazwa, na kijiti cha kupimia mafuta kiko mahali pake. Juu ya bwate kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Nacho kifunikwe, maana maji yakiingia humo yanaharibu mafuta ya ndani.

Tandikeni turubai chini ya gari, mwageni juu yake unga wa mbao kutoka kwa seremala. Nyunyizieni tope maji kidogo ili vumbi lisiruke, halafu likwangueni kwa kijiti cha mbao. Litaanguka juu ya turubai. Nusu ya kazi inaishia hapa kabla hamjatumia ndoo ya maji.

Sasa pakeni sabuni au dawa mkianzia chini kwenda juu, mngoje dakika kumi, msugue kwa brosi, na kwenye kona ndogo kwa brosi kuukuu ya meno. Suuzeni mkianzia juu kwenda chini, kwa maji machache ya bidoni iliyotobolewa kifuniko. Mashine ya maji ya nguvu tuiache: inasukuma maji ndani ya alternatere na kupitisha maji kwenye mipira inayozuia mafuta.

Kuhusu bwate, sehemu kubwa yake iko chini. Tunasema wazi: mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa kriki peke yake. Kriki ikiteleza, hakuna wa kuizuia. Gari likae juu ya vishikizo vya chuma, au mpelekeni kwa garaji yenye shimo. Mume, kijana, fundi, yeyote yule: hiyo mkatalieni.

Mkimaliza, pangusa kwa kitambaa, acheni kapo wazi juani mpaka kukauke, ondoeni mifuko yote, rudisheni waya wa batri. Washeni moteri dakika chache. Moshi mwepesi wa maji si tatizo. Kama moteri inatetemeka au haiwaki, maji yamegusa nyaya. Zimeni na kaushe tena.

Kusoma kartoni

Usiku ule tandikeni kartoni safi chini ya gari. Asubuhi iangalieni kabla dereva hajaondoka. Hii ndiyo faida ya kazi yote.

Tone jeusi au la kahawia chini ya moteri ni mafuta ya moteri. Tone zito lenye harufu kali ya kiberiti, chini ya bwate ya mkono, ni mafuta ya bwate. Mara nyingi ni mpira wa duara kwenye shafti umechoka. Tone jekundu mara nyingi ni la bwate ya otomatiki au la usukani. Maji ya kijani au ya waridi ni ya radiateri. Yana sumu, na ladha yake tamu inavuta watoto na mbwa. Tone jepesi la rangi ya manjano karibu na gurudumu linaweza kuwa la breki: gari hilo lisitoke, hata kama wateja wanangoja.

Mama akifika kwa fundi akiwa na kartoni mkononi na akionyesha mahali tone lilipoanguka, mazungumzo ya bei yanabadilika.

Maji machafu yaende wapi

Hapa ndipo tunapoomba moyo wa kila mmoja. Kuosha hakuondoi uchafu duniani, kunauhamisha tu. Ukimwagwa mtaroni, mvua ya kwanza inaupeleka kwenye Musonoi au Luilu, na maji hayo yanaishia Lualaba. Ukimwagwa uani, unashuka kuelekea kisima. Wengi wetu bado tunateka kisimani siku ambazo bomba halitoi kitu, na wapo wamama kati yetu walioosha mawe ya madini wakisimama katika maji hadi magoti. Wanajua maji machafu yanafanya nini kwa ngozi. Sheria ya maji ya nchi yetu, ya tarehe 31 Desemba 2015, nayo inataka maji yalindwe na uchafuzi.

Njia iko rahisi. Kunjeni turubai, mimineni maji yake ndani ya pipa lililokatwa nusu, lifunikeni usiku mzima. Asubuhi mafuta yataelea juu na tope litatulia chini. Mafuta chukueni kwa kikombe, tieni ndani ya bidoni yenye kifuniko na alama, msiichanganye na kitu kingine. Tope na unga wa mbao vikauke ndani ya pipa lililofunikwa, halafu vitiwe katika mfuko unaofungwa. Unga huo usichomwe kwenye mbabula, moshi wake ni sumu. Bidoni na mfuko vipelekwe kwa garaji inayokusanya mafuta yaliyotumika. Ulizeni mapema, kabla ya kuanza kuosha. Yale maji ya katikati bado ni machafu, yasiende mtaroni wala bustanini. Yawekeni kwa kuloweshea tope la gari linalofuata.

Kila nyumba peke yake itaona ni kazi nyingi kwa gari moja. Ndiyo maana kwenye mkutano ujao tutaleta neno hili: chama chetu kitafute mahali pamoja penye sakafu ya saruji, mapipa mawili na turubai moja, na magari ya wanachama yaoshwe hapo kwa zamu siku ya salongo. Vijana wetu wanaoosha magari kando ya mto wangepata kazi hapo, wakivaa glavu na bila esanse. Kila mwenye gari aje na wazo lake la mchango, na asiye na gari aje vilevile, maana kisima ni cha wote.

Tuonane mkutanoni. Mbaki na amani.