Bangi kwa tumbo sugu: sifa zimeutangulia ushahidi

Kuna ugonjwa wa utumbo ambao vipimo haviuoni. Tumbo linauma na kujaa gesi, wiki hii mgonjwa anaharisha, wiki ijayo hapati choo, lakini choo chenyewe kikipimwa hakina minyoo wala amiba, na kamera ikipitishwa ndani haikuti kidonda. Madaktari wanauita IBS. Hauui wala haugeuki saratani, ila unamfanya mtu aogope safari ya basi kwa sababu hajui litasimama wapi. Kwetu Afrika Mashariki, wengi wameshapewa dawa za taifodi, za amiba na za vidonda vya tumbo, tena kwa kurudiarudia, kabla ya yeyote kuwatajia jina hilo. Mtu aliyechoka kiasi hicho akiambiwa kwamba mafuta ya bangi hutuliza tumbo, lazima atege sikio, na hana kosa. Mwenye kosa ni anayemuuzia.

Wazo lenyewe halikutoka hewani. Mwaka 1992 watafiti wa Jerusalem, chini ya Raphael Mechoulam, walitambua anandamidi, kemikali inayotengenezwa na mwili wa binadamu na inayogusa vipokezi vilevile vinavyoguswa na THC, kiini cha ulevi wa bangi. Vipokezi hivyo vimejaa kwenye ubongo na pia kwenye neva za utumbo, na vikiguswa, utumbo hupunguza mwendo. Kwa hesabu hiyo, anayeharisha angepata nafuu. Basi ikajaribiwa. Katika Mayo Clinic, Marekani, wagonjwa 75 walipewa dronabinoli, yaani THC iliyotengenezwa maabara, au kidonge kitupu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mikazo ya utumbo mpana ilipungua kabla ya kula, lakini namna mgonjwa anavyouhisi utumbo wake haikubadilika. Jaribio la pili, la wagonjwa 36 wa kuharisha, halikukuta tofauti katika kasi ya chakula kupita tumboni. Uholanzi nako wanawake 32 walitafuna ubani wenye CBD, kile kiambato kisicholevya kinachotangazwa sana, na maumivu yao hayakutofautiana na ya wakati walipotafuna ubani usio na kitu.

Watetezi watasema: mbona wanaotumia wanashuhudia kupona? Wanashuhudia kweli, wala sidhani kama wanadanganya. Tatizo ni tabia ya ugonjwa huu: hupanda na kushuka wenyewe, na mtu huanza dawa mpya siku ambazo hali imemzidi, kwa hiyo hata asipofanya chochote, uwezekano mkubwa ni kwamba wiki zifuatazo zitakuwa nafuu. Mwaka 2010 Alex Ford na Paul Moayyedi walikusanya majaribio 73 ya dawa za IBS wakakuta kwamba karibu wagonjwa 4 katika kila 10 waliopewa kidonge kitupu walipata nafuu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, ushuhuda wa watu mia hauwezi kutenganisha dawa na bahati. Kinachotenganisha ni kulinganisha makundi mawili, nalo kundi la bangi mpaka sasa halijashinda.

Hoja nzito zaidi ya watetezi ni kwamba majaribio hayo ya bangi ni madogo na ya muda mfupi, na hayakutumia mmea wenyewe. Ni kweli tupu. Lakini hoja hiyo inadai utafiti zaidi, haihalalishi kuuza. Wengine huongeza kwamba hata dawa za kampuni kubwa zimewahi kudhuru watu, na hapo pia wako sahihi: alosetroni, dawa ya IBS, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 baada ya baadhi ya watumiaji kupungukiwa damu kwenye utumbo, kisha ikarudishwa mwaka 2002 kwa masharti makali. Ikiwa dawa iliyopimwa kwa maelfu ya watu ilificha madhara hayo, tutaiamini vipi chupa ya mafuta isiyojulikana ina THC kiasi gani? Tayari inajulikana kwamba baadhi ya wanaovuta bangi kwa miaka mingi hupata kutapika kusikokoma na maumivu makali ya tumbo, yaani mtu anaweza kuitafuta tiba ya tumbo akaishia na tumbo baya zaidi.

Katika kanda yetu hoja hii inachanganywa na biashara. Rwanda iliruhusu mwaka 2020 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, huku matumizi ya starehe ndani ya nchi yakibaki kosa. Huo ni uamuzi wa kutafuta fedha za kigeni, hausemi lolote kuhusu utumbo wa mtu. Wala marufuku isiwe kisingizio cha kuwafungia watafiti mlango: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya wenyewe unaruhusu matumizi ya kitabibu na kisayansi. Taasisi za utafiti wa tiba za Tanzania na Kenya, NIMR na KEMRI, zipewe vibali na fedha zipime.

Wakati huo huo mgonjwa hajaachwa mikono mitupu. Nchini Uingereza, jaribio la watu 463 lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha kwamba amitriptilini kwa dozi ndogo iliwapa nafuu asilimia 61 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 45 ya waliopewa kidonge kitupu. Si muujiza, lakini ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, inayotolewa kwa cheti cha daktari. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini kama isabgol nazo huwasaidia baadhi. Anayesumbuliwa na tumbo la namna hii amuulize daktari kuhusu hizo kwanza. Na akiona damu chooni, akipungua uzito bila sababu au akiamshwa usiku na kuharisha, asijitulize kwa mafuta wala msokoto: dalili hizo si za IBS, aende hospitali wiki hiyo hiyo.