Mlima na Mji ni Nchi Moja

Mwanafunzi mpendwa, ukitafuta maana ya neno la Kirundi umusozi kwa Kiswahili, utapewa "mlima" au "kilima". Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Burundi haina desturi ya vijiji vilivyosongamana. Kila kaya hujenga katikati ya shamba lake, mteremkoni. Kwa hiyo umusozi ni mwinuko wa ardhi, ni makazi, na ni ngazi ya utawala pia. Mrundi akikuuliza kilima chako, anataka kujua asili yako.

Hapa Bujumbura, hata hivyo, neno hilo limeanza kubeba lawama. Mvua ikinyesha na tope likafunika barabara, utasikia: "Ni wale wa milimani, wamemaliza miti." Kauli hiyo naipinga, nami nitakueleza sababu.

Tazama ramani. Mji wetu umekaa katika tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake, katika umbali usiofika kilomita 40, ardhi hupanda kupitia miteremko mikali ya Mumirwa hadi kwenye safu inayotenganisha maji ya Kongo na maji ya Nili, yenye vilele vinavyozidi mita 2,000. Mvua inyeshayo ng'ambo ya safu hiyo huelekea mto Ruvubu na hatimaye Nili. Inyeshayo upande wetu huteremka kwa mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha, ikakatiza mitaa yetu na kuingia ziwani. Mto wenye safari fupi na mteremko mkali namna hiyo haumpi mtu muda wa kujiandaa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji na tope vilivamia mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama ikiwemo, na watu zaidi ya 60 wakafa.

Je, mkulima wa Mumirwa ndiye mkosaji? Nchi yetu ina eneo la kilomita za mraba 27,834. Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8 na ushei. Leo tumezidi milioni 12. Shamba la baba hugawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata mtu akalima mteremko ambao babu yake aliuachia miti. Akichimba mfereji wa kukinga maji, anapunguza shamba ambalo tayari halimtoshi. Faida ya mfereji huo huteremka hadi kwetu. Gharama yake hubaki kwake. Nasi tunapika kwa mkaa wa miti iliyokatwa huko juu, tena tunajenga kwa mchanga na mawe yanayochimbwa katika mito hiyo hiyo, hata kingo zikadhoofika.

Utaniambia kwamba kila raia ana wajibu wa kutunza ardhi yake. Nakubali. Lakini wajibu unaowanufaisha wengi haufai kubebwa na mwenye shamba dogo peke yake.

Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, ikaunganisha Jiji la Bujumbura, Bujumbura Vijijini, Bubanza na Cibitoke kuwa mkoa mmoja. Kwa maoni yangu, mkoa mmoja uwe na mfuko mmoja: sehemu ya kodi ya mjini imlipe mkulima anayechimba mifereji na kupanda miti Mumirwa, na baadhi ya Jumamosi zetu za kazi za maendeleo tuzifanyie huko juu badala ya kuzibua mitaro ya mtaani tu. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kandokando ya Ntahangwa ukuta huo tayari tunaujenga, kwa mawe na nyavu za chuma, na bei yake si ya miche.

Zoezi lako la wiki hii ni aya moja kuhusu mto upitao karibu na mtaa wako. Taja kilima unakotoka na kazi za wakazi wake. Maneno mteremko, korongo, ukingo na momonyoko utayahitaji. Neno "wale" huenda usilihitaji.