Simba wangu kagomewa na bibi

Wiki jana washkaji hapa Singida mjini walinitia kwenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mtu anabuni mhusika wake. Mimi nikasema wangu mnyama: simba anayevua ngozi akawa mtu! Nikarusha dadu tatu. Nguvu 16, akili 7. Safi kabisa, nikaenda kumchorea nyumbani.

Bibi akachungulia daftari. "Mjukuu wangu, huyo futa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Miaka ya 1946 na 1947 alikuwa mtoto, na huku Singida watu walikuwa wakiuawa na "simba-watu". Wauaji wenyewe binadamu, wamejivika ngozi, mwili wa marehemu umeraruliwa ionekane ni kazi ya simba. Mkoloni alinyonga baadhi yao. Mama yake bibi alikuwa anafunga mlango jua halijazama.

Basi nikafuta, bwana. Nikachora nyegere, nguvu zilezile 16. Washkaji wamenicheka sana, eti nimeogopa bibi. Ni kweli.

Jana bibi kaniuliza: huko kwenye mchezo, asali atapata?