Moto wa malori ya mafuta: Vifo vinavyotokea baada ya moto kuzimwa

AGOSTI 10, 2019 lori lililobeba petroli lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro. Watu wakalikimbilia na madumu, na muda mfupi baadaye moto ukalipuka. Siku hiyo ya kwanza idadi ya waliokufa ilitajwa kuwa takriban 60. Kabla ya mwezi huo kwisha, ilikuwa imefika 100.

Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili haikupewa uzito unaostahili. Mjadala wa magazetini na vijiweni ulihusu umaskini, tamaa na uzembe. Ndivyo ulivyokuwa pia nchini Kenya baada ya moto wa Sachangwan, Januari 2009, na nchini Kongo baada ya ule wa Sange, Julai 2010. Mjadala huo una haki yake, lakini huishia pale moto unapozimwa. Wale makumi waliofariki siku na wiki zilizofuata walikuwa hai walipofikishwa hospitalini.

Hapa hatusemi kwamba waliowahudumia walizembea. Baadhi ya majeruhi wa moto wa petroli huwa wameungua kiasi ambacho hata hospitali kubwa za Ulaya zingeshindwa kuwaokoa. Tunachosema ni kwamba tiba ya kuungua ina saa zake, na saa hizo huanza kuhesabiwa katika hospitali ya karibu, si katika hospitali ya taifa.

Aliyeungua vibaya hupoteza maji mengi kupitia majeraha yake. Kanuni inayotumiwa sana kukadiria dripu ni mililita 4 kuzidisha kilo za mgonjwa, kuzidisha asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 atahitaji lita 9.6 katika saa 24 za kwanza, yaani chupa 19 za nusu lita, na nusu yake ndani ya saa 8 tangu alipoungua. Wakifika watu 50 kwa mpigo, msomaji na apige hesabu mwenyewe.

Kisha kuna kisu. Ngozi iliyoungua hadi chini hukakamaa kama ngozi ya ngoma, na mara nyingi haiumi kwa sababu mishipa ya fahamu nayo imeungua. Ikizunguka kifua, mgonjwa hushindwa kuvuta pumzi. Ikizunguka mkono, damu haifiki vidoleni. Dawa yake ni kuichana kwa urefu ili ilegee. Upasuaji huo hauhitaji mitambo ya ajabu. Unahitaji daktari aliyefundishwa na mwenye ujasiri wa kuufanya mapema, bila kungoja gari la rufaa.

Baada ya hapo kinachoua zaidi ni vijidudu, ambavyo huifanya ngozi iliyokufa kuwa chakula na maskani yao. Zamani madaktari walisafisha na kufunga vidonda, wakisubiri ngozi hiyo ijibandue yenyewe kwa wiki kadhaa. Mwaka 1970, daktari Zora Janžekovič wa mji wa Maribor, katika Yugoslavia ya wakati huo, alichapisha matokeo ya njia tofauti: kuikwangua ngozi iliyokufa tabaka kwa tabaka katika siku chache za mwanzo, hadi nyama inayotoa damu ionekane, na kupandikiza ngozi mpya papo hapo. Leo huo ndio msingi wa tiba ya majeraha makubwa ya moto.

Ngozi ya kupandikiza huchunwa kwa wembamba sana kutoka kwenye paja la mgonjwa mwenyewe, nalo hupona kwa takriban wiki mbili. Huweza kutobolewa kwa mashine ikawa kama wavu, ili kipande kidogo kifunike eneo kubwa. Aliyeungua zaidi ya nusu ya mwili hana paja la kutosha. Ndiyo maana nchi zenye uwezo huhifadhi ngozi za marehemu ili kumfunika mgonjwa kwa muda.

Kazi hiyo humwaga damu nyingi. Bila benki ya damu yenye akiba, mtaalamu wa nusukaputi na chumba cha upasuaji kisichogombaniwa na wajawazito na majeruhi wa bodaboda, hata daktari bingwa hodari atalazimika kurudi kwenye njia ya kale ya kufunga vidonda na kusubiri.

Baada ya moto wa Morogoro, majeruhi wengi walihamishiwa Muhimbili, safari ya karibu kilomita 200. Malori ya mafuta, kwa upande wake, hupita kila siku barabara ndefu za kwenda Tunduma na Rusumo, na kule Kenya hadi Malaba. Kwa maoni yetu, hospitali za mikoa zilizo kando ya barabara hizo ndizo zinazostahili kupewa kwanza vifaa vya kuchuna ngozi, akiba ya dripu na damu, na madaktari waliofundishwa upasuaji wa mapema. Vifaa hivyo havitangoja lori jingine lipinduke: mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto anavihitaji wiki hii.