Kusamehewa kodi kuna sura mbili

Tangu itoke Amri ya Kisultani nambari 56 ya mwaka 2025, kila barza ninayokaa hapa Maskati naulizwa swali moja: sisi tumesamehewa?

Wengi wetu, ndiyo. Kodi ya mapato ya mtu binafsi, ya kwanza katika Ghuba, itaanza Januari 2028 kwa asilimia 5, na inashika kile tu kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, yaani 3,500 kwa mwezi. Mwenye 45,000 atatozwa kwa zile 3,000 za juu: riali 150. Mamlaka ya Kodi imesema asilimia 99 hivi ya watu haitawagusa. Atakayeguswa naye atatazamiwa elimu, matibabu, zaka, sadaka na nyumba anayoishi. Ila msamaha huo unataka karatasi, na sisi zaka tumezoea kuitoa mkono kwa mkono, pengine kwa jamaa wa Unguja au Pemba, bila ya risiti.

Mimi naona uzito uko kwengine, kwenye VAT tunayoilipa tangu tarehe 16 Aprili 2021. Hapo watu wanachanganya mambo mawili. Vyakula vya lazima na dawa viko kwenye kiwango cha sifuri: muuzaji hakutozi, na kodi aliyolipa yeye aliponunua bidhaa zake anarudishiwa. Skuli, matibabu na nyumba ya kupanga ya kuishi vimesamehewa, na kusamehewa huko ni kitu chengine kabisa. Skuli haikutozi, lakini na yenyewe hairudishiwi kitu. Imenunua viyoyozi, madawati na kompyuta, imelipa asilimia 5 juu ya kila kimoja, na mzigo umeibakia. Itaupeleka wapi kama si kwenye ada? Kwa hivyo mzazi anailipa kodi hiyo bila ya kuiona kwenye risiti. (Kwa ndugu zetu wa Saudia, VAT ni asilimia 15.)

Lakini tufanye hesabu. Gharama kubwa ya skuli ni mishahara ya walimu, na mshahara hauna VAT. Kodi iliyokwama humo basi ni asilimia 5 ya manunuzi tu, si ya matumizi yote. Ikija barua kwamba ada imepanda asilimia 5 "kwa sababu ya VAT", wazee mna haki ya kuuliza manunuzi hayo yalikuwa kiasi gani.