Nani Kasema Aliyeugua Hawezi Kuuguza?

Ipo kauli inayozunguka vijiweni Mbinga mjini, mkoani Ruvuma, ikateremka na barabara ya lami hadi Mbamba Bay, na hata vikao vya watu waliosoma haviikosi: mgonjwa wa akili ni wa kupelekwa Mirembe, au kwa mganga, au kufungiwa ndani. Kwamba mtu huyo, akishapata nafuu, anaweza kumshika mkono mwenziwe na kumvusha, hilo huchekwa. Kichaa amsaidie kichaa? Na diwani atakayethubutu kuomba halmashauri ivitengee fedha vikundi vya watu hao, asishangae akiulizwa kama barabara za kata yake zimekwisha kutengenezwa.

Kauli hiyo ni ya uongo, na uongo wenyewe ni wa gharama.

Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, zaidi ya kilomita 700 kutoka Mbinga. Mgonjwa aliyezidiwa hasafiri peke yake. Anahitaji ndugu wa kumsindikiza, nao wale, walale, warudi. Mkulima wa kahawa wa Umatengo, milimani Mbinga, hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Ugonjwa ukilipuka Februari, familia huuza kahawa kwa magoma, ingali mtini, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Wa Lituhi au Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, naye aanze kwa kuuacha mwalo na usipa wake, apande milima hadi Mbinga, ndipo aitafute Songea. Akirudi nyumbani na vidonge vyake, nani anamfuatilia? Muuguzi wa zahanati ana wajawazito, watoto na wagonjwa wa malaria wanaomsubiri kwenye benchi.

Mtu wa kwanza kugundua kwamba hali inarudi ni yule aliyewahi kuipitia. Anajua maana ya kukesha siku tatu bila usingizi huku mtu akijisikia ana nguvu za ajabu. Anajua vidonge hufichwa wapi, na kwa nini hufichwa: vinanenepesha, vinatetemesha mikono, vinamlaza mtu shambani mchana kweupe. Hayo mgonjwa hamwambii daktari anayemwogopa. Humwambia mwenzake.

Tena Watanzania hawana sababu ya kujifanya wageni wa jambo hili. Nenda kliniki ya tiba na matunzo ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, utawakuta WAVIU washauri. Wanaishi na virusi wao wenyewe, na kazi yao ni kumpokea aliyepimwa jana, kumfuata nyumbani aliyeacha dawa, kumweleza kwa mfano wa mwili wao kwamba maisha yanaendelea. Katika halmashauri zipo konga, mitandao ya watu hao hao. Enzi za hofu kubwa, wazo la mwathirika kumshauri mwathirika lilionekana kichekesho. Leo hakuna mganga mkuu wa wilaya atakayesimama hadharani kusema washauri hao ni wapiga soga.

Kwa upande wa akili, ushahidi haukosekani, na haukutoka mbali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipochapa mwongozo wake wa huduma za afya ya akili katika jamii, miongoni mwa mifano ya huduma za wenye uzoefu liliweka kikundi cha Nairobi kilicho chini ya USP-Kenya, chama cha watu waliopitia matibabu ya akili. Kampala, hospitali ya Butabika ilifundisha waliokuwa wagonjwa wake ili wawatembelee walioruhusiwa kwenda nyumbani. Dar es Salaam nayo, kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, iliingia katika UPSIDES, mradi ulioanza 2018 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ukiwafundisha watu wa aina hiyo hiyo kazi ya kusaidia wenzao.

Harare walikwenda njia nyingine kidogo. Tangu 2006 akina bibi, wahudumu wa afya wa jamii chini ya idara ya afya ya jiji, hukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14 kwa waliopita kwenye benchi, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Ni kweli bibi hao hawakuchaguliwa kwa sababu waliwahi kuugua. Lakini wanaotoka kwenye benchi huunganishwa na vikundi vya wenzao, wakifuma mikoba na kuzungumza.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kuiga. Wasemao hivyo wamesahau sengu, desturi ya Wamatengo ya watu wa ukoo kula pamoja huku matatizo ya kaya yakizungumzwa papo hapo.

Hofu nyingine ina uzito zaidi: wagonjwa wakikutana, watashawishiana kuacha dawa. Inawezekana. Ndiyo maana kikundi kinahitaji mafunzo, muuguzi wa kukiangalia na kanuni ya lini mtu apelekwe hospitali. Vyote hivyo vinataka fedha, na hapo ndipo halmashauri hukwepa.

Jibu la haraka la maofisa ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huvikopesha vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawatambua pia wenye ulemavu wa akili, kwa hiyo mlango upo. Lakini ule ni mkopo. Ulisitishwa 2023, ukarejea 2024, na hudai biashara yenye faida. Kumtembelea mtu aliyejifungia ndani huko Chiwindi hakuleti faida ya kulipia marejesho. Wafadhili nao? Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, miradi ya UKIMWI yenyewe iliyumba.

Kinachotakiwa ni kifungu katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kilipwe kwa mapato ya ndani: nauli, chumba cha kukutania, mafunzo, posho ya wale wanaotembelea wenzao. Mbinga ina ushuru wa kahawa, na makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa ndani ya wilaya. Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni maskini zaidi na ianze na kata moja. Posho za vikao viwili vitatu, ambazo hakuna anayezihoji, zingetosha kuanzia. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga watu 137,294 nchi nzima. Vijiji vinapowachagua, waliougua na kupona wasiachwe nje ya orodha.

Madiwani hupitisha makisio mwanzoni mwa kila mwaka. Kifungu kikikosekana humo, hakuna cha kudai Julai mwaka mpya wa fedha unapofunguliwa, na familia ya Lituhi itatafuta tena nauli ya Dodoma.