Kuwa na Ndugu Kongo Si Uhaini

Bakonzo wa Kasese, Uganda, na Banande wa Beni na Butembo, Kongo, ni watu wamoja, wote Bayira. Mtoto wa kiume wa tatu akizaliwa Bwera huitwa Masereka. Vuka mto Lhubiriha pale Mpondwe, uingie Kasindi, utamkuta Kasereka. Wa tano ni Thembo huku, Katembo ng'ambo. Aliyewagawa hakumuuliza hata mmoja wao. Mpaka wa kwanza ulikuwa longitudo ya 30, uliochorwa Ulaya na watu wasiojua hata mlima Rwenzori umekaa wapi. Mwaka 1910 wakakaa tena Brussels, wakauhamishia mtoni na kupandisha hadi kilele cha Margherita.

Wakorea walitendewa vivyo hivyo. Agosti 1945 maofisa wawili wa Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, waliichukua ramani ya jarida wakachagua latitudo ya 38. Kufikia 1948 taifa moja lilikuwa na serikali mbili, na 1950 zikaingia vitani. Hadi leo kuna vikongwe Seoul wanaokufa bila kujua kama dada zao wa Kaskazini wako hai. Lakini serikali zile ni maadui; hazijatia saini amani tangu vita visimamishwe 1953. Kampala na Kinshasa zina udhuru gani? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jeshi la Uganda liko Kongo tangu Novemba 2021, kwa idhini ya Kinshasa. Malori yanapita. Vifaru vinapita. Anayeshukiwa ni bibi anayekwenda kumzika kaka yake!

Nasema anashukiwa kwa sababu tumeona shuku hiyo ilipotufikisha. Tarehe 27 Novemba 2016 jeshi lilivamia kasri la Omusinga, mfalme wa Bakonzo, mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa siku hiyo na ile iliyotangulia. Tuliambiwa kuna njama ya kuunda dola ya Yiira, nusu Uganda, nusu Kongo. Mfalme huyo, Charles Wesley Mumbere, alikaa miaka chini ya mashtaka, kisha mwaka 2023 yakafutwa. Kamanda wa operesheni ile alipandishwa cheo. Na waliozikwa bila majina, nani amejibu kwa ajili yao?

Wapo watakaonitajia usalama. Nami nawatajia Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, Juni 2023, ambako waasi wa ADF waliua watu 42, wengi wao wanafunzi. Wauaji wale hawakupanga foleni kugongewa mhuri. Waliouawa ndio watoto wa familia hizi hizi za mpakani, na wanaoweza kumtambua mgeni wa hatari porini ni ndugu wa pande mbili wanaoaminiana, wasioogopa kuulizwa walimjulia wapi.

Au kumbukeni Juni 2019. Familia moja ilikwenda Kongo kwenye msiba wa jamaa yao, ikarudi kwa njia ya panya ikiwa na Ebola. Mtoto wa miaka mitano akafia hospitali ya Bwera. Msiba ulikuwa na nguvu kuliko kizuizi, kama utakavyokuwa kesho. Mtu unayemlazimisha kupita kichakani hutampima joto wala hutamwona akitapika.

Simdai mtu ramani mpya. Ninachodai kinaweza kuanzia Rukoki, kwenye makao ya wilaya ya Kasese, madiwani wakithubutu kukipeleka Kampala kwa maandishi. Mkazi wa mpakani avuke kwa kitambulisho chake, bure, hata usiku akiwa na maiti ya kuzika, na haki hiyo iandikwe katika sheria za nchi zote mbili, isitegemee hisani ya askari wa zamu. Na iundwe tume huru ya mauaji ya 2016, iketi Kasese hadharani, isikilize mashahidi kwa Lhukonzo, na iwape wajane majina ya waliotoa amri.